Kwa nini mfanyakazi wa uwanja wa ndege anasikia habari za ofisi yake WhatsApp kwanza?

*Uchambuzi*

- Taarifa ya mwezi ya uongozi ikijaa picha na pongezi, wafanyakazi hutafuta majibu kwenye magrupu.
- Mgomo wa JKIA Nairobi mwaka 2024 ulionyesha gharama ya watu kufichwa mambo yanayowahusu.
- Kwenye usafiri wa anga, habari isiyofika ni suala la usalama, siyo la ofisi tu.

Dar es Salaam. Ukitaka kujua kinachoendelea ndani ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA), usianzie kwenye ubao wa matangazo. Panda gari la Gongo la Mboto saa 12 asubuhi zamu ya usiku inapotoka, au kaa Banana, Ukonga, jioni watu wakishuka. Hapo ndipo stori zilipo: nani kahamishwa, posho imekwama wapi, bosi mpya ni mtu wa aina gani.

Watu hao wamesambaa jiji zima. Wapo wa Kitunda na Kivule, wapo wa Yombo, Buza, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, na wapo wanaotoka mbali zaidi, Tegeta na Bunju kule Kinondoni. Wengi wanapiga zamu. Mkuu wa idara anapoitisha kikao saa 4 asubuhi, nusu yao wamelala nyumbani.

Ndiyo maana taasisi nyingi za umma zimeanzisha taarifa ya mwezi kwa wafanyakazi: jarida dogo, waraka wa mkurugenzi au ujumbe unaotumwa kwenye simu. Wazo ni zuri, shida ni kinachoandikwa humo. Kurasa nyingi ni ziara za viongozi, picha za makabidhiano na pongezi. Mfanyakazi anapekua mpaka mwisho na swali lake halijaguswa.

Basi anarudi kwenye grupu.

Mabosi wanabadilika, maswali yanabaki

Sekta ya anga Tanzania imepitia mabadiliko mengi ya uongozi ndani ya muda mfupi.

Agosti 2024, Hamza Johari aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nafasi yake ikachukuliwa na Salim Msangi. Mwaka huohuo Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ilimpata Peter Ulanga, akipokea kijiti kwa Ladislaus Matindi aliyekuwa kwenye kiti tangu 2016.

Kwenye Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA) viti vimezunguka zaidi. Tangu 2016 wafanyakazi wameshuhudia Msangi huyohuyo, Richard Mayongela, Julius Ndyamukama, Mussa Mbura na sasa Abdul Mombokaleo. Watu watano ndani ya muongo mmoja.

Kila bosi anakuja na mpangilio wake, na hilo ni la kawaida. Lakini kwa fundi wa taa za njia ya kurukia au mhudumu wa mizigo, uteuzi wa Ikulu unazua maswali ya chini kabisa. Ahadi ya bosi aliyepita kuhusu kupanda daraja bado ipo? Mkataba wa muda unaoisha Juni utaongezwa? Posho ya zamu itaendelea kulipwa kwa utaratibu uleule?

Taarifa ya mwezi inayosema "uongozi mpya umepokelewa kwa shangwe" haijibu hata moja.

Uwanja mmoja, waajiri wengi

Abiria akifika Kipawa anaona uwanja mmoja. Kumbe ndani yake kuna waajiri kibao.

TAA inasimamia majengo na miundombinu. TCAA inaongoza ndege angani na kusimamia usalama wa sekta nzima. ATCL inarusha ndege, lakini ndege zenyewe ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), ambao ATCL huzikodi kwao. Hali ya hewa iko kwa TMA, forodha kwa TRA, pasi za kusafiria kwa Uhamiaji, ulinzi kwa Polisi na wengine. Mizigo na huduma za ardhini zinafanywa na kampuni kama Swissport, ambayo zamani iliitwa DAHACO na hisa zake ziko Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2003.

Chini ya hao wote kuna wasafishaji na walinzi walioajiriwa na wakandarasi. Hao mara nyingi hawamo kabisa kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa, ingawa wanashika funguo za milango mingi.

Maana yake ni moja: habari ya taasisi moja inagusa wafanyakazi wa nyingine. SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, jambo hilo halikuwa la Shirika la Reli peke yake. Aliyekuwa akihudumia abiria wa ndege za Dodoma naye alikuwa na haki ya kuuliza, "Kazi yangu inaelekea wapi?"

Vivyo hivyo kwa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Hasara ya ATCL ilipanda kutoka Sh56.6 bilioni mwaka 2022/23 hadi Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Namba hiyo ilisomwa na nchi nzima kwenye magazeti. Mke anamuuliza mumewe mezani: "Hii kampuni yenu ipo salama kweli?" Kama uongozi haujawaeleza watu wake hasara imetoka wapi na mpango ni upi, mume atajibu kwa kubahatisha.

Na maelezo yapo. Baadhi ya ndege za Airbus A220 zilikaa chini kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani. Ndege ikikaa chini haiingizi hela, lakini gharama zake zinaendelea. Hilo linaelezeka kwa lugha ya kawaida, aya mbili tu.

Asilimia 86.7 na orodha ya Ulaya

Mfano mzito zaidi ni wa Umoja wa Ulaya.

Mwaka 2023 Tanzania ilikaguliwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kuhusu usimamizi wa usalama na ikapata asilimia 86.7. Yalikuwa mafanikio halisi. Miaka 10 nyuma nchi ilikuwa chini ya asilimia 40. Wafanyakazi walipongezwa, na walistahili.

Desemba 2024, Umoja wa Ulaya ukaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 orodha ikapanuliwa na kuchukua mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa, usimamizi usiotosheleza wa uendeshaji na ubora wa ndege, na kutofuata viwango vya kimataifa.

Mtu wa kawaida anachanganyikiwa hapo. Tumepata 86.7, halafu tumefungiwa?

Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. ICAO inapima kama nchi imejenga mfumo: sheria, kanuni, taasisi na taratibu. Ulaya yenyewe inatazama pia mashirika husika na jinsi mamlaka inavyoyasimamia kila siku. Unaweza kuwa na daftari zuri la usimamizi na bado ukakosa wakaguzi wa kutosha wa kulifanyia kazi.

Sasa angalia sababu ya kwanza tena: upungufu wa wataalamu. Hiyo ni habari ya wafanyakazi moja kwa moja. Inahusu ajira, mafunzo na mshahara wa kumfanya mkaguzi mzoefu asihamie kwingine. Inamhusu kijana anayesoma Chuo cha Usafiri wa Anga cha TCAA akitaka kujua kama kuna nafasi.

Kama kuna mwezi ambao taarifa ya uongozi ilitakiwa iwe ndefu, wazi na isiyo na picha hata moja, ni mwezi kama huo. Mfanyakazi wa anga anaishi na watu. Jirani wa Tandika akimuuliza "Eti ndege zetu zimepigwa stop Ulaya?", jibu lake ndilo sura ya taasisi mtaani. Asipopewa jibu la kweli atanyamaza, au atatunga.

Nairobi ilivyolipia ukimya

Majirani zetu wana somo jipya kabisa.

Julai 2024 Wakenya walianza kuona mitandaoni nyaraka za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa Dola 1.85 bilioni za Marekani. Wafanyakazi wengi wa uwanja nao waliona hapohapo, kwenye simu. Hofu ikawa wazi: ajira zitapona? Masharti ya kazi yatabadilika?

Serikali ilisema uwanja hauuzwi. Lakini kauli bila nyaraka haikutuliza mtu. Septemba 11, 2024 chama cha wafanyakazi wa anga Kenya (KAWU) kikaitisha mgomo. Ndege zikachelewa na nyingine zikafutwa, abiria wakakaa na mizigo yao nje ya majengo.

Mgomo ulimalizika siku hiyohiyo, na namna ulivyomalizika ndiyo muhimu kwetu. Serikali ilikubali kuwapa viongozi wa chama nyaraka za mradi wazipitie. Kwa maneno mengine, uwanja mkubwa wa Afrika Mashariki ulisimama kwa sababu ya makaratasi ambayo yangeweza kutolewa kabla.

Novemba 21, 2024 Rais William Ruto alifuta mpango huo, baada ya mwenye kampuni hiyo kufunguliwa mashtaka Marekani.

Karibu zaidi, Zanzibar mwaka 2022 kampuni ya Dnata ya Dubai ilipewa peke yake huduma za ardhini kwenye jengo la tatu la uwanja wa Abeid Amani Karume. Wafanyakazi wa kampuni za wazawa zilizokuwa zikifanya kazi hiyo walijikuta na muda mfupi wa kujua hatima yao.

Bara nako, Novemba 2023 uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ulitoka kwa kampuni ya KADCO na kurudi chini ya TAA. Kwa serikali ni uamuzi wa usimamizi. Kwa aliyeajiriwa na KADCO ni swali la ngazi ya mshahara, miaka ya utumishi na mafao.

Siyo jambo geni nchini

Kuna wanaoona kumpa mfanyakazi taarifa ni mtindo wa kutoka nje. Siyo kweli.

Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ndio ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa watu wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliusoma kwa makini hadi wakautumia kuwahoji mameneja wao.

Leo tuna Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Juu ya zote, Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi.

Kwa hiyo baraza la wafanyakazi lipo kisheria. Tatizo ni kwamba linakaa mara chache kwa mwaka, ajenda kubwa ikiwa bajeti, na wajumbe wakirudi wengi hawaleti mrejesho. Kati ya kikao kimoja na kingine kuna miezi ya kimya. Pengo hilo ndilo taarifa ya mwezi ingepaswa kuziba.

Sekta hii pia ina kovu lake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa nayo na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo. Wazee waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa zaidi ya miaka 30, serikalini na mahakamani. Baadhi walifariki dunia wakiwa bado wanadai. Mtoto wa mzee kama huyo akiajiriwa uwanja wa ndege leo, usimshangae akiuliza kila mwezi kama michango yake imefika PSSSF.

Hapa ni usalama, siyo umbea

Kwenye ofisi nyingine, habari kukwama ni kero. Kwenye anga inaweza kuua.

Mfano unaofundishwa duniani kote ni wa Tenerife, Machi 27, 1977. Ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilipokuwa inaondoka, mhandisi wake aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kuwa imetoka, na safari ikaendelea. Mdogo aliona hatari, mkubwa hakusikia.

Kutokana na mikasa ya namna hiyo, usimamizi wa usalama umejengwa juu ya jambo moja: aliye chini aweze kusema bila kuogopa. Mwaka 2013 ICAO ilitoa Kiambatisho cha 19, kinachotaka nchi na watoa huduma wawe na utaratibu wa kuripoti hatari, ikiwemo ripoti za hiari ambazo anayezitoa analindwa.

Lakini nani ataripoti kama ripoti zake haziendi popote? Mlinzi akieleza kuwa uzio upande fulani umekatwa, na miezi mitatu inapita bila neno, ya nne haandiki. Fundi akisema taa imekufa na jibu ni kuitwa ofisini kuhojiwa, wenzake wote wamepata somo.

Taarifa ya mwezi ndiyo sehemu ya kurudisha jibu: mwezi huu tumepokea ripoti kadhaa za hatari, hizi zimerekebishwa, hizi zinasubiri vipuri, hii tumeikataa kwa sababu hii. Majina hayahitajiki.

Ajali ya Precision Air ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, iliua watu 19 kati ya 43. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuwafikia abiria. Tangu siku ile kila mfanyakazi wa kiwanja kilicho karibu na maji ana swali halali: hapa kwetu kimebadilika nini? Boti ipo? Mazoezi yalifanyika lini? Hayo ni mambo ya kuandikwa, siyo ya kusubiri tume.

Uongozi nao una hoja

Tuwe wakweli, siyo kila kitu kinaweza kuandikwa. Kuna siri za ulinzi wa viwanja, zabuni zinazoendelea na mashauri ya nidhamu ya watu. Kanuni za utumishi wa umma pia zinambana mtumishi asiseme ovyo kwenye vyombo vya habari.

Ofisa mawasiliano naye yupo katikati. Anaandika kile ambacho bosi atakisaini, na bosi anaogopa karatasi isije ikavuja ikasomwa kesho mitandaoni.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini hesabu yake haikai sawa. Habari inavuja tu, tofauti ni kama inavuja ikiwa sahihi au ikiwa imepindishwa. Na kama mtumishi anazuiwa kuongea nje, basi ndani panatakiwa pawe na mahali pa kuuliza na kujibiwa. Huwezi kufunga milango yote miwili.

Pia kuna mambo ambayo siyo siri hata kidogo. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai. Wenye mishahara ya juu ya hapo waliachwa wakijiuliza, "Na sisi je?" Kueleza hesabu hiyo kwa taasisi husika kunahitaji jedwali moja tu. Haina siri ya nchi.

Taarifa ya mwezi iliyo na maana

Haihitaji bajeti kubwa. Ukurasa mmoja unaosomeka kwenye simu unatosha, ukiwa na mambo matano:

- Maamuzi: kilichoamuliwa mwezi huu, na nani aliamua.
- Hela: posho, malimbikizo na michango ya mifuko vimefikia wapi, kwa tarehe.
- Watu: nafasi zilizotangazwa, uhamisho, mafunzo, na vigezo vilivyotumika.
- Usalama: hatari zilizoripotiwa na zilizoshughulikiwa.
- Maswali: yaliyoulizwa, yaliyojibiwa, na ambayo bado, pamoja na lini yatajibiwa.

Itumwe kama maandishi ya kawaida, siyo faili zito linalomaliza bando la mtu wa Chamazi. Ifike kwa zamu zote siku moja, na wasafishaji na walinzi wa wakandarasi wapate ya kwao. Mkuu wa kituo aisome kwa sauti wakati wa kubadilishana zamu, dakika tano, halafu aulize kama kuna swali.

Vyama vya wafanyakazi navyo visikae pembeni. Mwakilishi wa tawi anaweza kukusanya maswali kila mwezi na kuyapeleka kwa maandishi, ili yasiyojibiwa yaonekane.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mabosi wengi, kuchapisha swali ambalo bado hawana jibu lake. Lakini "bado tunasubiri kibali cha hazina, tutawaambia tarehe 15" ni jibu linalomtosha mtu kulala. Kimya hakimtoshi.

Kama unafanya kazi kwenye taasisi ya namna hiyo, toleo lijalo likifika lifanyie hesabu ndogo. Hesabu picha za viongozi, kisha hesabu maswali ya wafanyakazi yaliyojibiwa. Ukipata picha 12 na jibu sifuri, mpelekee mwakilishi wako wa baraza namba hizo, na umwombe aziweke kwenye ajenda ya kikao kijacho.